Mstari Mmoja kwa Mgongo

Jumatatu, 3 Machi

Kwanza namwomba radhi yeyote atakayelifungua daftari hili. Halikukusudiwa kusomwa, na anayeliandika si mwandishi. Ni mzee mjane wa miaka sabini na mmoja, aliyekaa miaka thelathini na mmoja mbele ya mitambo ya simu akiunganisha mazungumzo ya watu wengine, na ambaye kwa muda wote huo kanuni za kazi hazikumruhusu kusema zaidi ya maneno manne: "Namba gani, tafadhali bwana?"

Naandika kwa agizo. Leo binti yangu, kitindamimba, ambaye ndiye pekee aliyebaki nami nyumbani, alinipeleka kwa mtaalamu mpya wa viungo. Ni bibi mdogo mwenye miwani mikubwa na viatu vya raba. Alinikunja, akanikunjua, akanigonga magoti, kisha akaketi akasoma karatasi zangu zote: picha za eksirei za mara mbili, ile picha ya mashine kubwa inayogonga kama karakana, na majibu ya damu. Alipomaliza, binti akamkabidhi daftari la namba. Huu ni mwaka wa pili, kila asubuhi na kila jioni, binti yangu huniuliza mgongo unauma kiasi gani, kuanzia sifuri hadi kumi, nami hujibu, naye huandika. Tumejaza madaftari matatu.

Mtaalamu akafunua kurasa kadhaa, akalifunga.

"Kazi nzuri sana hii," akasema. "Sasa liwekeni kabatini na msilitoe tena."

Binti akashtuka. "Sasa nitajuaje hali yake?"

"Hutajua. Na yeye asijue. Ndiyo tunachotaka."

Kisha akanigeukia mimi. "Mzee wangu, mgongo wako ni mzima. Maumivu ni ya kweli, sikatai, yanauma kama unavyosema. Hatari ndiyo isiyo ya kweli. Mwili umejifunza kuogopa, na hofu ndiyo chakula cha maumivu haya. Ukiyachungulia yanakua, ukiyakimbia yanakua. Yaache yawepo, wewe fanya lako."

Nilimwuliza, kwa heshima zote, kama ana maana kwamba ninajisingizia. Alisema hapana mara tatu. Sikumwamini hata moja.

Agizo lenyewe ni hili: niandike siku yangu ilivyokwenda, na mgongo usipewe zaidi ya mstari mmoja. Naona siku ya kwanza tu nimeshalikiuka. Naomba radhi.

Jumanne, 4 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu. Mgongo: upo.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji alikuja, kama ajavyo kila Ijumaa. Ni mdogo wa kike wa marehemu mke wangu, mwalimu mkuu mstaafu, na ulimi wake haujastaafu. Alikunja mwavuli mlangoni, akanitazama nilivyoketi kwenye kiti changu kirefu chenye mito miwili.

"Shemeji, hujambo? Au nianze kumsalimu mgongo, maana naona ndiye mwenye nyumba?"

Nilicheka kwa adabu. Lakini alipokwenda nilizunguka vyumba nikaona kwamba hakukosea sana. Viti vifupi vyote vilishaondolewa. Ndoo imewekwa juu ya meza, nisije nikainama. Viatu vyangu vimepangwa kwenye rafu iliyo usawa wa kifua, na kila asubuhi binti yangu, kabla ya kwenda kazini, hupiga magoti kunifunga kamba. Yeye ni mtaalamu wa maabara, ana watu sita chini yake. Nami hukaa nikimtazama utosini, nikitoa shukrani.

Mgongo: upo.

Jumatatu, 10 Machi

Ninajaribu kutojali. Neno hilo naliandika kwa haya, kwa sababu sikulelewa hivyo. Katika shule ya misheni aliyeitwa asipoitika alisimamishwa uani mpaka kengele ya chakula. Kazini, taa ilipowaka kwenye ubao ilinipasa kuchomeka waya kabla sijahesabu tatu, hata kama chai iko mdomoni. Bibi msimamizi wa zamu, mama mnene ambaye hatukujua alivyoweza kupita nyuma yetu bila viatu kulia, alituambia kila siku kwamba hakuna simu ndogo. Anayepiga huenda nyumba yake inaungua. Sasa leo, kwa umri huu, niambiwe kiuno kikiita nisiitike?

Saa nne asubuhi kiliita. Nikajikaza, nikaendelea kupanga vikombe. Kikaita tena kwa nguvu zaidi, hadi kwenye kisigino. Nikakiambia kimoyomoyo, "Samahani, nina shughuli kidogo." Ndipo nikatambua kwamba nimeshakijibu.

Jumapili, 16 Machi

Jambo la ajabu, nami naliandika kabla sijaanza kulitilia shaka.

Baada ya ibada mvua ilikuwa imekatika, nikatembea hadi kwa fundi viatu wa mwisho wa mtaa. Watu humwita Kimya, kwa sababu hajawahi kunyamaza. Mbele ya banda lake kuna kibao kifupi cha kukalia wateja, ambacho kwa miaka miwili nimekuwa nikikipita kwa mbali kama mtu apitaye mbwa asiyefungwa.

"Mzee Simu! Kaa hapo nikusimulie kabla sijapasuka," akasema, nami, kwa kuwa si uungwana kumkatiza mtu, nikakaa.

Alikuwa na kisa cha mama aliyeleta viatu viwili, vyote vya mguu wa kushoto. "Nikamwambia, mama, hivi vyote ni vya kushoto. Akanikata jicho. Akaniambia, shona tu fundi, usinifundishe miguu yangu. Nikashona. Jana kaja kavivaa, Mzee Simu, kavivaa vyote viwili, anatembea kama anayeingia kwenye kona!" Akasimama kunionyesha. Nilicheka hata machozi yakanitoka. Nikamsimulia naye kisa cha bwana mmoja aliyekuwa akipiga simu kila Jumamosi kuuliza saa, kisha anabishana nasi.

Mara nikasikia sauti ya binti yangu barabarani. "Baba! Umekaa kwenye hicho kibao? Tangu saa ngapi? Mgongo?"

Tangu saa tano. Ilikuwa saa sita na nusu. Sikuwa nimeuhisi mgongo kabisa. Alipouliza, nikautafuta. Nikaupata. Tulirudi nyumbani polepole, nimemshika bega.

Jumatano, 19 Machi

Mvua mchana kutwa. Sikutoka. Mgongo: upo.

Jumanne, 25 Machi

Shemeji alikuja isivyo siku yake, binti akiwa kazini. Aliketi bila kuvua koti.

"Amekuambia?"

"Ameniambia nini, Shemeji?"

"Basi hajakuambia." Akashusha pumzi. "Hospitali mpya, kule mbali, siku nzima njiani. Wanamtaka akaongoze maabara yote. Mwaka jana walimwita, akawaambia ana mgonjwa. Safari hii wamempa mpaka tarehe kumi na moja Aprili, na akikubali aende mwanzoni mwa Mei. Hawatamwita mara ya tatu. Ana miaka thelathini na minne, Shemeji, na kila jioni anaandika namba za kiuno chako."

Nilimwambia kwamba namba zimekwisha, daftari liko kabatini.

"Hakuulizi kwa mdomo," akasema, "anakuuliza kwa macho. Nimemwona."

"Sasa unanishauri nifanyeje?"

"Pona."

Alivyolisema, ungedhani ananiagiza chumvi dukani. Nilikasirika, na kwa kuwa sikuzoea kumkasirikia mwanamke, nikaenda jikoni nikasimama huko mpaka hasira ikapoa. Niliporudi alikuwa amenawa vikombe. Alinigusa mkono.

"Sisemi huumwi. Nasema unaumwa na unapendwa, na siku hizi siwezi kuvitofautisha."

Nilimwomba radhi kwa kukaa jikoni. Jioni binti aliporudi nilingoja anieleze. Alinieleza habari za darubini iliyoharibika.

Jumatano, 2 Aprili

Kwa mtaalamu tena. Niliomba binti abaki nje. Nilisema kwamba nimejaribu mwezi mzima na nimeshindwa, na kwamba kama inawezekana nipewe dawa tu, kwa kuwa nina jambo la haraka. Nikamweleza la hospitali mpya.

Hakuniandikia dawa. Akaniuliza, "Mzee wangu, unaogopa nini hasa? Ukiwa peke yako na kiuno kikaanza, unaona picha gani?"

Sikuwa nimemwambia mtu. Nakiandika hapa nilichomwambia, kadiri ninavyokumbuka.

Mke wangu alianza kulalamika mgongo mwezi wa sita. Mimi ndimi niliyemwambia kwamba ni uchovu wa kufua. Nilimnunulia dawa ya kuchua. Nikamchua siku ya kwanza, nikamchua ya pili, siku ya tatu nikasinzia mkono ukiwa kiunoni pake. Hakuniamsha. Hatukwenda kwa daktari mpaka mwezi wa kumi, na walipompiga picha ugonjwa ulikuwa umeshaingia mifupani. Hakunilaumu. Alikuwa na adabu kunizidi. Mwaka mmoja baada ya kumzika, nikiwa nimeinama kufunga sanduku la nguo zake, kiuno changu kikakaza mahali palepale.

"Kwa hiyo, bibi mtaalamu," nikasema, "mimi nilishawahi kupuuza mgongo mmoja. Usiniambie nipuuze wa pili."

Alivua miwani. Macho yake bila miwani ni ya msichana mdogo kabisa, hata nikajuta kumtwisha mzigo huo.

"Wa mama haukuwa umepimwa," akasema. "Wako umepimwa mara nne. Kupuuza ni kutotazama. Sisi tumetazama, tumetazama tena, hakuna kitu. Sasa ndipo tunauacha. Likitokea jambo jipya, homa, kukonda, mguu kufa ganzi, utakuja siku hiyohiyo na nitakupima upya. Hilo ni langu. Wewe zamu yako ya ulinzi imekwisha, baba."

Hakuwa amewahi kuniita baba. Mistari yote hii imekwenda kwa mgongo. Au labda imekwenda kwa mke wangu, na hilo halikukatazwa.

Jumapili, 6 Aprili

Binti ameniambia mwenyewe, wakati wa chakula cha mchana, akizungushazungusha kijiko.

"Baba, kuna kazi. Nafikiri nitakubali. Mama mdogo atakuwa anapita, na nitapiga simu kila siku. Kesho nawaandikia. Unaonaje?"

"Hongera, mwanangu," nikasema. "Mama yako angefurahi sana." Nilisema kwa moyo mkunjufu na nilisali vizuri. Mgongo: haba.

Jumatatu, 7 Aprili

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, bafuni, sabuni iliniponyoka nikainama. Mgongo ukakaza. Sijawahi kuona maumivu ya namna ile. Nilijishusha nikishikilia ukuta mpaka shavu likagusa saruji, na nikaita. Binti alikuja tayari amevaa sare, upande mmoja wa nywele umechanwa. Uso wake sitausahau. Tulisimama kwa shida. Hakwenda kazini.

Saa nane mchana nilikuwa kitandani, mlango umeachwa wazi kidogo, nikamsikia ukumbini akizungumza kwa simu na wale wa hospitali mpya. "Hapana, bwana mkuu. Nashukuru sana. Ndiyo, ni mzee wangu. Hajiwezi."

Hapa naomba niandike ukweli. Nilipolisikia neno hilo, nilisikia raha. Haikuwa kubwa, ilikuwa kama mtu amenifunika shuka. Na nusu saa haijapita, kiuno kikaanza kulegea chenyewe.

Sikujisingizia. Mungu ni shahidi wangu, saruji ile sikuilalia kwa hiari. Lakini sasa najua kiuno changu kinaogopa nini, na si mifupa.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua ya kuziba masikio. Nililala chali nikiisikiliza, na likanijia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria tangu nistaafu.

Kila msimu wa mvua, maji yalipopenya kwenye masanduku ya nyaya barabarani, taa za ubao wetu zilikuwa zikiwaka zenyewe. Unachomeka, unasema, "Namba gani, tafadhali bwana?", na upande wa pili hakuna mtu, ni mvumo tu. Vijana wapya walihangaika, wakijibu taa hizo moja baada ya nyingine, wakitoka jasho, huku watu wa kweli wakingoja. Na bibi msimamizi, yuleyule wa hakuna simu ndogo, siku hizo alipita akitugonga bega. "Hayo ni maji. Iache iwake. Hudumia wenye sauti."

Hatukuzizima, kwa sababu hazikuzimika. Hatukuzikasirikia. Ziliwaka pembeni mwa jicho siku tatu, siku nne, mpaka nyaya zikakauka, nasi tukaendelea na kazi. Nilifanya hivyo kila mwaka kwa miaka thelathini na mmoja, na haikunipitia akilini kwamba ni elimu.

Mwenye sauti alikuwa chumba cha pili, akipiga pasi sare ileile ya jana.

Niliinuka. Iliuma kuinuka, ikauma kusimama, ikauma kufika ukumbini. Barua ya hospitali ilikuwa mezani na namba yake juu. Binti alipokwenda uani kukinga maji ya mvua, nilipiga. Opereta wa kule, kijana mwenye adabu, akaniuliza niunganishwe na nani. Nilitaka kumpongeza lakini sikumchelewesha. Nikamweleza bwana mkuu wao kwamba mimi ndiye mzee asiyejiweza, na kwamba kuna makosa, najiweza, naomba jibu la jana lisihesabiwe.

Akanijibu, "Mzee, nafasi iko wazi mpaka Ijumaa kama tulivyoahidi. Lakini huyu ni mtu mzima. Atasema mwenyewe."

Alikuwa sahihi. Nilimwomba radhi.

Jumatano, 9 Aprili

"Baba, umempigia simu bwana mkuu?"

Nilikuwa nimesimama jikoni, chai ikiwa motoni. Nikakiri.

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba najiweza."

"Unajiweza! Juzi nimekuokota bafuni!"

"Hukuniokota, mwanangu. Nilikushika bega."

"Usinihesabie maneno, Baba! Mimi ni mtoto wa shule, unipigie simu kwa mwalimu? Nimeshawaambia siendi, leo wewe unawaambia naenda, wataniona mtu wa namna gani?"

"Naomba radhi."

"Usiombe radhi! Kila kitu radhi, radhi, mtu hata hapati pa kukugombezea!"

Akaweka sahani chini kwa kishindo, ikapasuka. Hatukuiokota.

"Mama alikufa mimi niko kwenye mafunzo," akasema, na sasa sauti ilikuwa imeshuka. "Wiki mbili tu, mkaniambia nenda, anaendelea vizuri. Nilirudi nikakuta viti vimepangwa uani. Unataka nikute viti mara ya pili?"

Miaka mitatu, na hakuwahi kulisema. Nilikuwa nikidhani mwenye hatia nyumbani humu ni mmoja.

"Kumbe unaogopa," nikasema.

"Ndiyo, naogopa! Sasa je?"

"Nami naogopa. Tumekuwa tukiogopa kwa zamu, mwanangu. Wewe ukichoka napokea mimi. Unaniuliza, nautafuta mgongo, nikiupata unaogopa, ukiogopa maumivu yanazidi. Mtaalamu amenipima mara nne. Sitakufa kwa hili. Nitakufa, lakini si kwa hili, na hata ukikaa hapa unanitazama hutanizuia."

Alilia. Nami sikujua la kufanya na mikono yangu. Chai ilikuwa imechemka mpaka sufuria ikakauka na kuanza kunuka. Nilipozima jiko ndipo nilipotambua kwamba nimesimama muda wote huo, na kwamba katika ugomvi wote, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, hakuniuliza mgongo.

Ijumaa, 11 Aprili

Amewaandikia. Amekubali. Mvua kubwa. Mgongo: mbaya kuliko jana. Upo.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimejifunga kamba za viatu mwenyewe. Dakika kumi na moja kwa viatu viwili. Nilitokwa na jasho kama aliyebeba gunia. Binti alisimama mlangoni ameshika mkoba, akitazama dari.

Alhamisi, 17 Aprili

Dakika tisa. Nimechoka. Mgongo: upo.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimeishusha ndoo chini. Nimekirudisha kiti kifupi ukumbini. Nilidhani ukishalielewa jambo, litakuhurumia. Halijanihurumia. Kila ninapoinama moyo unaenda mbio kabla kiuno hakijasema lolote. Nangoja upungue mwendo, ndipo nainama. Si ushujaa. Ni kazi ya kuchosha, kama kufagia uani wakati upepo unavuma.

Alhamisi, 24 Aprili

Siku mbaya. Nililala mchana wote, nikajibu kila taa. Naomba radhi kwa ukurasa.

Ijumaa, 25 Aprili

Shemeji alikuja akakuta sahani nimezinawa na nguo nimezikunja.

"Kwa hiyo umepona?"

"Hapana, Shemeji."

"Inauma?"

"Inauma."

"Na unanawa sahani."

"Sahani zilikuwa chafu."

Mwanamke huyu ambaye kwa miaka arubaini hakukosa neno, akachukua kitambaa akaanza kufuta sahani pembeni yangu. Tulimaliza bila kuzungumza. Alipoondoka mlangoni ndipo alipopata la kusema: "Jumatano nitakuletea mapazia yangu ufue na hayo." Namshukuru Mungu, nilianza kuwa na wasiwasi juu ya afya yake.

Jumanne, 29 Aprili

Tumefunga masanduku. Moja nililikalia ili lifungike. Mgongo: upo.

Jumamosi, 3 Mei

Gari la hospitali lilifika saa moja asubuhi. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Sikulala vizuri, na tangu alfajiri kiuno kilikuwa kimekaza kama siku ile ya bafuni, moto mpaka kwenye kidole cha mguu. Nilikuwa nimekitarajia. Nilivaa suti, nikafunga kamba zangu, dakika kumi na nne. Shemeji alikuwepo. Kimya naye alikuja na viatu vya binti alivyovitia soli mpya, akamweleza dereva kisa cha mama wa viatu viwili, ingawa dereva hakuwa amemwuliza.

Nilibeba mfuko mmoja mdogo mpaka kwenye gari. Dereva akafungua mlango. Binti hakupanda. Alinivuta kando, chini ya paa la baraza la duka.

"Baba, sikuulizi namba. Nauliza mara moja tu, na wewe hujawahi kunidanganya. Inauma?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo wiki tatu, na nilikuwa nimeandaa majibu mazuri kadhaa, yote ya kweli nusu. Nikamtazama. Alikuwa amejitahidi kupaka poda.

"Inauma, mwanangu."

"Sana?"

"Sana. Panda gari, dereva wa watu anangoja."

Alibaki amesimama, akinisoma usoni. Sijui aliona nini. Mimi nilikuwa namtazama yeye: ukosi wake umekunjika upande mmoja, na ana nywele nyeupe moja juu ya sikio ambayo sikuwahi kuiona nilipokuwa nikimtazama utosini. Nikamnyoosha ukosi. Akacheka huku machozi yakimtoka, akanikumbatia kwa nguvu, hakunishika kama yai, na iliuma, kisha akapanda.

Gari lilipokata kona Shemeji aliniuliza kama nataka kuketi. Nilimwambia asante, nitasimama kidogo.

Jumapili, 4 Mei

Alipiga simu jana jioni. Amefika. Chumba kina dirisha moja na maji ya bomba yana rangi. Hakuuliza, nami sikusema.

Leo baada ya ibada niliingia chumbani kwake kuondoa shuka. Nilizifua kwenye karai, uani, nikazisuuza mara mbili, nikazianika. Saa tisa wingu likaja ghafla, nikazikimbilia, kadiri ya mbio zangu, nikaziingiza ndani kabla hazijalowa upya. Moja ilibururika ikapata tope pembeni, nimeisuuza hiyo. Nyumba ni kubwa kuliko nilivyodhani. Shuka bado mbichi, nimezitandaza juu ya migongo ya viti vya ukumbini. Mgongo unauma. Mkate umebaki wa kesho tu. Zikikauka, nitazipiga pasi.